Cheti cha ubora wa maji cha Kifungu 401 nchini Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu unahusu Marekani peke yake. Unamlenga aliyenunua kiwanja chenye kijito nyuma ya nyumba, mkandarasi anayeweka makalavati, na yeyote anayeandaa makaratasi ya mradi ambaye ameambiwa "bado 401" bila kuelezwa zaidi. Hauchukui nafasi ya wakili.

Cheti cha 401 ni kitu gani?

Ni tamko la jimbo kwamba kazi unayoiombea kibali cha serikali ya shirikisho haitavunja masharti ya ubora wa maji ya jimbo hilo. Jina linatoka kwenye Kifungu cha 401 cha Sheria ya Maji Safi ya 1972, ingawa wazo lenyewe liliingia kwenye sheria tangu 1970. Kifungu ni kifupi lakini kina meno: ofisi ya shirikisho hairuhusiwi kutoa kibali au leseni mpaka jimbo litoe cheti au liache haki yake ya kukitoa. Jimbo likikataa, kibali hakitoki, hata kama wakubwa wa ofisi ya shirikisho wanautaka mradi.

Watu wengi hukichukulia kama karatasi ya pili ya kufuatilia baada ya kibali kikuu, na hapo ndipo miezi inapopotea. Cheti ni kufuli juu ya kibali kikuu, na ufunguo anao jimbo.

Ni vibali gani vinavyohitaji cheti hiki?

Lazima mambo mawili yakutane. Kwanza, kazi iwe inahitaji kibali au leseni ya shirikisho. Pili, iwe inaweza kusababisha kitu kumwagika kwenye maji yanayolindwa na sheria ya shirikisho. Neno la kuangalia ni "inaweza". Si lazima uhakika uwepo.

Kwa watu wa kawaida, kibali kinachohusika mara nyingi ni cha Kifungu 404 cha sheria hiyohiyo, kinachotolewa na Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi kwa ajili ya kumwaga udongo, mawe, zege, kifusi au tope lililofukuliwa ndani ya mto, ziwa au ardhioevu. Vipo pia vibali vya Sheria ya Mito na Bandari ya 1899 kwa magati na kazi nyingine kwenye maji yanayopitika na vyombo, leseni za mabwawa ya umeme na mabomba ya gesi yanayovuka majimbo ambazo hutolewa na tume ya nishati ya shirikisho, FERC, na vibali vya kumwaga majitaka pale ambapo EPA, wakala wa mazingira wa serikali ya shirikisho, yenyewe ndiyo inayovitoa, kama Massachusetts na New Hampshire.

Na usidhani lazima kiwe kitu kichafu. Mwaka 2006, katika kesi ya S.D. Warren kuhusu mabwawa ya Mto Presumpscot huko Maine, Mahakama ya Juu ilisema maji yanayopita kwenye mitambo ya bwawa na kurudi mtoni yanahesabiwa kuwa yamemwagwa, hata kama hakuna kilichoongezwa ndani yake.

Michigan na New Jersey zina utaratibu wao: majimbo hayo yamekabidhiwa kazi ya kutoa vibali vya 404 kwa sehemu kubwa ya maji yao, kwa hiyo kibali ni cha jimbo na 401 haiamki. Florida ilijiunga nao Desemba 2020, lakini mahakama ikaufuta mpango wake Februari 2024 na kazi ikarudi kwa Kikosi cha Wahandisi.

Nani hutoa cheti?

Jimbo ambamo umwagaji unaanzia, kupitia ofisi yake ya maji au mazingira. Majina yanachanganya. Washington ni Idara ya Ekolojia. California kuna bodi ya maji ya jimbo na bodi 9 za kanda, na mradi mdogo huenda kwenye bodi ya kanda. Ohio ina ofisi inayoitwa Ohio EPA, ambayo si ile EPA ya shirikisho. Barua zimewahi kupotea kwa sababu ya kufanana huko. Tennessee ukipata kibali cha jimbo kiitwacho ARAP, hicho ndicho hutumika kama cheti chako.

Kwenye ardhi ya makabila ya wenyeji wa asili, kabila lililotambuliwa na EPA kuwa na hadhi ya jimbo kwa ajili hii hutoa cheti lenyewe. Ambapo halijatambuliwa, EPA hukitoa kwa niaba yake.

Kiwanja changu kina sehemu yenye majimaji. Nitajuaje kama ni ardhioevu?

Usiamini macho yako, hasa mwezi wa Agosti. Sehemu kubwa ya ardhioevu za Marekani hukauka juu kwa miezi kadhaa kila mwaka. Mwongozo wa Kikosi cha Wahandisi wa 1987, pamoja na nyongeza zake za kanda, hutazama mambo matatu: mimea, udongo na maji. Kwa kawaida lazima yote matatu yawepo.

Udongo ndio shahidi asiyesahau. Mtaalamu huchimba shimo la kama inchi 20 na kulinganisha rangi na kitabu cha rangi za udongo cha Munsell. Ardhi ikikaa na maji kwa muda mrefu hewa huisha, vijidudu hugeukia chuma kilichomo udongoni, chuma kinayeyuka na kuhama. Kinachobaki ni udongo wa kijivu wenye madoa ya kutu pembeni mwa mizizi, mahali ambapo hewa kidogo iliingia. Alama hizo hubaki hata baada ya kiangazi kirefu. Pale ambapo dalili za maji zimevurugwa, kipimo kinachotumika ni maji kuwa ndani ya inchi 12 kutoka juu kwa siku 14 mfululizo za msimu wa mimea kukua, angalau miaka 5 kati ya 10.

Ramani ya taifa ya ardhioevu inayopatikana bure mtandaoni imechorwa zaidi kwa picha za angani. Itumie kuamua kama uite mtaalamu, lakini usiitumie kuamua kwamba huna ardhioevu. Mwite mtaalamu wakati mimea ina majani, maana ripoti ya Januari katika majimbo ya baridi mara nyingi hurudishwa. Kisha unaweza kuomba Kikosi cha Wahandisi kithibitishe mipaka. Uamuzi rasmi kuhusu maji yapi yanalindwa kwa kawaida hudumu miaka 5.

Nimesikia Mahakama ya Juu ilipunguza ardhioevu zinazolindwa. Kwa hiyo nimepona?

Labda kwa upande wa shirikisho. Hukumu ya Sackett dhidi ya EPA, Mei 2023, iliyotokana na kiwanja karibu na Priest Lake huko Idaho, inataka ardhioevu iwe imeungana na maji ya kudumu kwa mtiririko wa juu usiokatika, kiasi kwamba ni vigumu kuona mto unaishia wapi na ardhioevu inaanzia wapi. Kidimbwi kilichojitenga katikati ya malisho kinaweza kuwa nje ya sheria ya shirikisho. Hapo hakuna 404, na bila kibali cha shirikisho hakuna 401.

Jimbo lakini lina sheria zake. California, Washington, Minnesota na Ohio ni baadhi ya majimbo yanayolinda ardhioevu kwa sheria za nyumbani. Mtu aliyeishia kusoma Sackett na kumwaga kifusi amebadilisha tu ofisi itakayomfuata.

Je, shamba linahitaji cheti?

Kilimo cha kawaida kinachoendelea kimesamehewa 404: kulima, kupanda, kuvuna, kutengeneza mabwawa ya shamba, kusafisha mifereji iliyopo ya kutolea maji. Msamaha huo una mitego miwili. Lazima kilimo kiwe kinaendelea tayari, maana kung'oa kichaka cha ardhioevu ili ulime kwa mara ya kwanza hakuhesabiwi. Na kazi inayoigeuza ardhioevu kuwa matumizi mapya na kupunguza eneo au mtiririko wa maji hurudishwa chini ya sheria hata kama ungeiita kulima. Kusafisha mfereji mpaka kina chake cha zamani ni matengenezo. Kuuchimba zaidi ya hapo ni mradi mpya.

Kazi yangu ni kalavati moja tu ya barabara ya kuingilia. Bado nipitie yote haya?

Huenda kibali cha jumla cha nchi nzima kikakutosha. Kikosi cha Wahandisi huvitoa kwa vipindi visivyozidi miaka 5, kila kimoja kwa aina ya kazi. Namba 14 ni ya barabara na vivuko vyake, na kikomo chake ni ekari nusu ya maji au ardhioevu inayopotea, au theluthi ya ekari mahali panapofika maji ya bahari kupwa na kujaa. Namba 29 ni ya nyumba na namba 39 ya majengo ya biashara, zote na kikomo cha ekari nusu. Namba 13 ni ya kuimarisha kingo, futi 500 na wastani usiozidi yadi moja ya ujazo kwa kila futi ya ukingo.

Kwa vibali hivi jimbo hufanya uamuzi wa 401 mara moja kwa kundi zima. Linaweza kutoa cheti kwa masharti, kukataa kwa baadhi ya namba, au kuacha haki yake. Kwa hiyo tafuta kwenye tovuti ya wilaya yako ya Kikosi cha Wahandisi jedwali la masharti ya kanda na uamuzi wa jimbo kwa namba yako. Kama jimbo limekataa namba hiyo, utaomba cheti chako binafsi hata kama kalavati ni ya futi 20.

Hapa watu huumia: kwa baadhi ya vibali hivi, Kikosi kikikaa kimya siku 45 baada ya kupokea taarifa yako kamili ya awali kuhusu kazi, unaweza kuendelea. Ukimya huo hauzibi pengo la cheti kinachokosekana.

Hatua zenyewe ni zipi?

Anza na mipaka ya ardhioevu, kisha sogeza mchoro wako uikwepe kadiri inavyowezekana. Ofisi zote mbili zitakuuliza ulijaribu nini kabla ya kugusa maji, na jibu la "mwenye mradi alipenda hapa" halijawahi kutosha.

Halafu omba mkutano wa awali na ofisi ya jimbo. Kwa kanuni za EPA za 2023, ombi la mkutano linatakiwa kufika angalau siku 30 kabla ya ombi la cheti, isipokuwa jimbo lifupishe au liondoe muda huo. Si lazima mkutano wenyewe ufanyike; ofisi nyingine hujibu kwa barua pepe ya mistari miwili. Unachohitaji ni ushahidi kwamba uliomba. Hifadhi barua hiyo, utaiambatisha baadaye.

Wasilisha ombi la kibali cha shirikisho. Kwa kibali binafsi cha 404 fomu ni ENG 4345. Kisha peleka ombi la cheti kwa jimbo. Kikosi cha Wahandisi hakikufanyii kazi hiyo, isipokuwa mahali ambapo jimbo na wilaya wana fomu moja ya pamoja, na hata hapo uliza. Ombi la cheti hubeba nakala ya ombi la shirikisho na nyaraka za ubora wa maji ulizotumia kuliandaa. Kama jimbo halijaweka orodha yake, kanuni zinataka pia maelezo ya kazi na aina ya umwagaji, mahali hasa unapotokea, ramani inayoonyesha mipaka pamoja na barabara za jirani, hali ya sasa ya eneo na picha zake, tarehe za kuanza na kumaliza, orodha ya vibali vingine vyote, na ule ushahidi wa mkutano wa awali.

Jimbo lenye orodha yake linaweza kutaka zaidi: mpango wa maji ya mvua baada ya ujenzi, mpango wa fidia, uchunguzi wa samaki. Soma orodha hiyo kabla ya kumlipa mchoraji.

Kabla ya kuamua, jimbo hutangaza kwa umma. California, kwa mfano, huweka ombi hadharani kwa angalau siku 21. Majirani wakileta hoja nzito, tegemea maswali ya ziada.

Jimbo lina muda gani?

Sheria inasema "muda wa busara" usiozidi mwaka mmoja tangu kupokea ombi. Kwa kanuni za 2023, jimbo na ofisi ya shirikisho hukubaliana muda. Wasipokubaliana ni miezi 6. Wanaweza kuuongeza, lakini mwaka haupitwi.

Saa inaanza siku jimbo linapopokea ombi lenye kila kinachotakiwa. Ombi lenye pengo halianzishi saa, na mwombaji anaweza kukaa miezi miwili akihesabu siku ambazo hazihesabiwi. Omba uthibitisho wa tarehe kwa maandishi.

Muda ukiisha bila jibu, jimbo huhesabiwa limeacha haki yake. Usipange mradi juu ya tumaini hilo, maana ofisi za majimbo huziona tarehe hizo kwenye kalenda zao kama wewe, na afisa aliyebanwa na tarehe huku faili lina mapengo hukataa.

Afisa ameniomba niondoe ombi na kuliwasilisha upya. Nikubali?

Uliza sababu kwanza. Kwa miaka mingi hii ilikuwa njia ya kawaida ya kuanzisha mwaka mpya bila kukataa. Mwaka 2019 mahakama ya rufaa ya mji mkuu iliamua, katika kesi ya kabila la Hoopa Valley kuhusu mabwawa ya Mto Klamath, kwamba California na Oregon zilipoteza haki yao kwa kukubaliana na mwenye mabwawa kurudisha barua ileile mwaka baada ya mwaka, kwa zaidi ya muongo. Tangu hapo kila mtu amekuwa mwangalifu. Kama mchoro umebadilika kweli, ombi jipya lina maana. Kama ni karatasi ileile yenye tarehe mpya, zungumza na wakili kabla ya kusaini.

Maombi hukwama wapi zaidi?

Kwenye hesabu, kuliko kwenye mto.

Chukua barabara ya kuingilia yenye upana wa futi 20 inayovuka futi 200 za ardhioevu. Futi 20 mara 200 ni futi za mraba 4,000. Ekari ina futi za mraba 43,560, kwa hiyo hiyo ni ekari 0.09, chini kidogo ya sehemu moja ya kumi ya ekari, kiwango ambacho kwa namba 14 kikipitwa kwa kawaida lazima ulipe fidia (taarifa ya awali kwa ardhioevu inatakiwa hata chini ya hapo). Mwombaji anafurahi. Lakini tuta lina kimo cha futi 4, na miteremko yake ya pembeni inatoka futi 2 kwa kila futi 1 ya kimo, yaani futi 8 kila upande. Upana halisi wa kifusi ni futi 36. Futi 36 mara 200 ni 7,200, sawa na ekari 0.165. Mhakiki wa jimbo hufanya hesabu hii kabla ya kunywa chai, na baada ya hapo anaanza kutilia shaka kila namba nyingine kwenye faili.

Ujazo nao huandikwa kwa yadi za ujazo. Yadi moja ya ujazo ni futi za ujazo 27. Shimo la futi 60 kwa 12 kwa 3 linatoa futi 2,160, yaani yadi 80. Watu hugawa kwa 9 badala ya 27 wakapata 240.

Makosa mengine ya kila siku: fomu ya shirikisho inasema ekari 0.42 na ombi la jimbo 0.47, kwa sababu mchoro ulibadilishwa katikati. Athari za muda zimesahaulika kabisa: njia ya kijiko (mashine ya kuchimbia) kufika mtoni, mahali pa kurundika udongo, eneo la pampu. Aliyesaini siye mwenye ardhi na hakuna barua ya ridhaa. Kijito kipo kwenye orodha ya jimbo ya maji yaliyoharibika kwa tope, na maelezo hayasemi neno juu ya tope.

Jimbo linaweza kuweka masharti gani?

Mapana kuliko watu wanavyotarajia, na yote huingia ndani ya kibali cha shirikisho. Kesi mama ni ya 1994, kati ya shirika la umma la huduma la Jefferson County na Idara ya Ekolojia ya Washington, kuhusu bwawa lililopendekezwa kwenye Mto Dosewallips. Mradi ungeacha futi za ujazo 65 hadi 155 kwa sekunde kwenye kipande cha mto kinachorukwa na bomba. Jimbo lilitaka 100 hadi 200 kulingana na msimu, kwa ajili ya samaki aina ya samoni. Mahakama ya Juu ililiunga mkono jimbo: wingi wa maji ni sehemu ya ubora wake, kwa sababu mto uliokauka hauwezi kutimiza matumizi uliyopangiwa.

Mpaka wa madaraka haya ndio unaovutwa huku na huku kila utawala unapobadilika. Kanuni za 1971 zilidumu karibu miaka 50. Za 2020 zilibana jimbo liangalie umwagaji peke yake. Mahakama ya wilaya ikazifuta 2021, Mahakama ya Juu ikazirudisha kwa muda 2022, na za 2023 zikaruhusu jimbo litazame kazi yote kwa upande wa ubora wa maji. Soma toleo linalotumika siku unayowasilisha, si lile la mwongozo uliopewa na rafiki.

Wakati wa ujenzi, ni sharti gani huvunjwa zaidi?

Tope. Washington ni mfano mzuri kwa kuwa namba zake ziko wazi. Kwenye maji mengi ya samoni, kama kijito juu ya kazi kina NTU (kipimo cha ukungu wa tope majini) 50 au chini, hupaswi kuongeza zaidi ya 5. Kikiwa juu ya 50, si zaidi ya asilimia 10. Ukipima 12 juu, kikomo chako chini ni 17. Ukipima 80 juu, ni 88. Mahali pa kupimia hutegemea mtiririko: futi 100 chini ya kazi kama kijito kina futi za ujazo 10 kwa sekunde au pungufu, futi 200 mpaka 100, na futi 300 zaidi ya hapo. Bila kipimo cha juu, kipimo cha chini hakina maana, na mvua ya usiku hubadilisha cha juu. Pima vyote viwili kila mara.

Uzio wa kitambaa wa kuzuia tope hufanya kazi kwa kutuamisha maji yanayotiririka yakiwa yametandaa. Ukiuweka kukatiza kijito unapasuka au unazungukwa, na tope lote linashuka kwa mkupuo. Mahali pake ni ukingoni, sehemu yake ya chini ikifukiwa kwenye mtaro wa kama inchi 6. Ndani ya kijito tumia boma la mifuko ya mchanga na pampu ya kupitisha maji pembeni, yenye chujio mdomoni ili isifyonze samaki wadogo. Maji machafu yanayotolewa ndani ya boma yasirudi moja kwa moja; yapitishe kwenye nyasi au mfuko wa kuchuja. Siku mbaya kuliko zote ni ya kuondoa boma. Ruhusu maji yarudi polepole, kwa saa kadhaa, badala ya kuvuta mifuko yote kwa kijiko.

Zege bichi ni hatari isiyoonekana. Maji yaliyoligusa hufika pH (kipimo cha asidi na alkali) karibu 12, huku viwango vingi vya maji matamu vikitaka kati ya 6.5 na 8.5. Maji hubaki meupe tu kidogo na samaki wanakufa. Mimina mahali pakavu, subiri likomae, na oshea lori mbali na maji.

Kwa kalavati, kosa la kawaida ni kununua dogo. Maji yanayobanwa yanapata kasi, yanachimba shimo upande wa kutokea, na baada ya misimu michache mdomo wa kalavati unaning'inia juu ya kijito. Samaki hawapandi tena, na wewe umeshakiuka sharti. Ndiyo maana majimbo mengi hutaka sehemu ya chini ya kalavati ifukiwe chini ya kitanda cha kijito.

Angalia pia tarehe za kufanya kazi majini. Zimewekwa kukwepa msimu wa samaki kutaga. Ukizikosa kwa wiki moja unaweza kusubiri mwaka.

Fidia ya ardhioevu inafanyikaje?

Utaratibu ni kukwepa, kupunguza, kisha kufidia kilichobaki. Kanuni ya 2008 inapendelea ununue hisa kwenye benki ya ardhioevu iliyokwisha kuidhinishwa, yaani eneo ambalo mtu mwingine amerejesha ardhioevu na kuuza hisa zake, halafu ulipe kwenye mfuko wa fidia, na mwisho ujenge mwenyewe, ambako utafuatilia kwa angalau miaka 5. Hakikisha benki inahudumia bonde la mto wako na ina hisa za aina yako kabla ya kuiandika kwenye ombi.

Jimbo jirani linaweza kunizuia?

Ndiyo, kama maji yako yanaelekea kwake. EPA ina siku 30 za kuamua kama ubora wa maji ya jirani unaweza kuathirika. Ikisema ndiyo, jimbo hilo lina siku 60 za kupinga na kudai usikilizwaji.

Wamekataa. Nifanyeje?

Soma sababu. Kama ni taarifa pungufu, barua inapaswa kutaja ni zipi, nawe unaweza kuomba upya ukiwa nazo. Usidharau aina hii ya kukataliwa: New York ililikatalia bomba la gesi la Constitution mwaka 2016 kwa kukosa taarifa, na mahakama ya rufaa ikauacha uamuzi huo usimame 2017. Kama sababu ni kuvunja viwango, badilisha mradi. Rufaa kwa kawaida huenda kwenye vyombo vya jimbo lenyewe. Za mabomba ya gesi huenda mahakama ya rufaa ya shirikisho. Muda wa kukata rufaa ni mfupi.

Inagharimu kiasi gani?

Kikosi cha Wahandisi hutoza dola 10 kwa kibali binafsi kisicho cha biashara na dola 100 kwa cha biashara. Vibali vya jumla ni bure. Ada ya jimbo hutofautiana sana. Fedha nyingi huenda kwa mtaalamu wa ardhioevu na hisa za fidia.

Nimezoea sheria ya mita 60 ya Tanzania. Marekani ni mita ngapi?

Hakuna namba moja ya shirikisho. Sheria ya mazingira ya Tanzania ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa maji. Hapa sheria ya shirikisho hutazama unachomwaga na wapi. Kaunti au mji wako unaweza kuwa na ukanda wake wa kuacha, kwa hiyo uliza ofisi ya mipango.

Nilishamwaga kifusi kabla ya kujua.

Simama leo. Usikimbilie kukifukua, maana kukiondoa nako kunaweza kuvuruga maji zaidi. Piga picha, pigia simu wilaya ya Kikosi cha Wahandisi, na tafuta wakili kabla ya kutoa maelezo marefu. Faini ya kiraia inapita dola 60,000 kwa siku kwa kila kosa, na anayefanya akijua anaweza kufungwa. Kibali cha baada ya kazi kipo, na wanaojitokeza wenyewe mara nyingi huombwa kurudisha ardhi ilivyokuwa.

Cheti kimetoka. Sasa?

Kichapishe na kiwe ndani ya gari la msimamizi, kwa kuwa mkaguzi atakiomba hapo hapo. Msomee mwendesha kijiko masharti, yeye ndiye anayeyatekeleza. Tazama kama unatakiwa kutoa taarifa kabla ya kuanza, na kwa siku ngapi. Na kama mchoro unabadilika hata kwa futi chache kuelekea majini, uliza jimbo na ofisi ya shirikisho kabla ya kusogeza mashine. Cheti kinaweza kurekebishwa kwa makubaliano yao, lakini kinahusu mchoro uliowapelekea, siyo ule ulio kichwani mwa fundi.